Uliza Anti Akujibu: Mama yake bibi alikuwa mtoto wa nani?

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi msomaji wako wa Mbagala. Nina swali la ukoo ambalo kwetu limeshakuwa ugomvi, mpaka msibani watu wanarushiana maneno. Ni kuhusu mama yake bibi yetu mzaa mama. Huyo mama alizaliwa hukuhuku pwani zamani za Mjerumani, akafariki kabla ya vita ya Hitler, mume wake alishatangulia na aliacha watoto wa kike wawili tu, bibi yetu na dada yake. Alikuwa mweupe wa nywele laini, picha tunayo moja. Upande wa mama mkubwa wanasema baba yake alikuwa Mjerumani wa boma. Mjomba anakataa, anasema baba yake Mwarabu wa Bagamoyo, na ushahidi wake ni kwamba bibi yule alipokufa nyumba yake ya Kariakoo iliuzwa, pesa ikagawiwa, akaja mzee mmoja wa Kiarabu kutoka Bagamoyo akachukua theluthi akaondoka zake, sasa angechukuaje kama sio ndugu? Halafu kuna karatasi ya kiwanja imechakaa sana, jina lake limeandikwa binti Mabruki, na huyo Mabruki kwetu hakuna anaemjua. Bibi mwenyewe enzi za uhai wake ukimuuliza anasema tu "mama alitolewa mwali mwaka wa Maji Maji" halafu ananyamaza. Wadogo zangu wao wanataka tukapime DNA. Anti tuanzie wapi?

Mjukuu, Mbagala

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua kama yako zinakuja nyingi sana kutoka familia za hapa Dar na karibu zote zinafanana, bibi mweupe, Mjerumani, Mwarabu, karatasi moja na mzee mmoja anaejua lakini hasemi. Ila yako ina kitu ambacho wengi hawana, ina mirathi. Hapo ndo nataka tukae, lakini kwanza tupange miaka, manake bila miaka kila mtu anatupia baba anaemtaka.

Bibi yako alikuachia tarehe, ni vile tu hamkuiona kama tarehe. Maji Maji ilianza Umatumbi Julai 1905 na mwaka huohuo ikafika Uzaramoni, Kibasila, kiongozi wa huko alienyongwa na Wajerumani, ndo huyuhuyu ambae sekondari ya kule Temeke inaitwa jina lake. Mtoto wa kike akivunja ungo anawekwa ndani, na kukaa ndani kulikuwa kunategemea familia ina chakula na pesa ya ngoma au haina, wengine miezi, wengine mwaka na zaidi. Kwa hiyo anatolewa mwali ana miaka kama 14 mpaka 17 hivi. Rudi nyuma, kazaliwa kati ya 1888 na 1891.

Sasa huyo Mjerumani wa boma mpange kwenye miaka hiyo uone anavobanwa. Kampuni ya Carl Peters ilipata hati yake Berlin Februari 1885, hapa Dar walifungua kituo 1887, na kwenye pwani nzima walikuwa watu wachache tu wa kampuni na wamisionari. Agosti 1888 walipotaka kuchukua miji ya pwani na ushuru wake wakakutana na vita ya Abushiri wakafukuzwa karibu kila mahali, wakabaki Bagamoyo na Dar wamejifungia. Afisa wa Kijerumani Wissmann akaja 1889 na jeshi la kukodi, serikali yenyewe ya Ujerumani ikachukua nchi rasmi tarehe 1 Januari 1891 na makao makuu yakahamia hapa Dar. Kwa hiyo kama bibi yule kazaliwa 1888 au 1889, Mjerumani wa kumzaa ni wa kutafuta kwa tochi. Kama ni 1890 au 1891 inawezekana, siwezi kukataa, ila mlango ni mwembamba na anaedai inabidi alete zaidi ya rangi ya ngozi.

Na rangi yenyewe naomba tuiache kabisa. Pwani hii imepita Waarabu, Wabulushi, Wahindi, Wangazija, Wasomali, kulikuwa na masuria wa Kihabeshi waliouzwa mpaka huku, na hao askari wa Wissmann wengi walikuwa Wasudani waliochukuliwa Misri ambao wengi wao walioa hapahapa na hawakurudi. Mtu mweupe wa nywele laini anaweza kuwa mtoto wa yeyote kati ya hao, au mjukuu. Picha ya studio nayo ina taa na poda.

Tuje kwenye ile theluthi. Mjomba wako kashika kitu cha kweli lakini kakisoma haraka. Mama aliekufa bila mume, bila wazazi, bila mtoto wa kiume, ana mabinti wawili, sheria ya mirathi ya Kiislamu inawapa hao mabinti theluthi mbili wagawane. Inabaki theluthi moja. Hiyo inakwenda kwa asaba, yaani ndugu wa upande wa baba yake, kaka, mtoto wa kaka, baba mdogo au mkubwa, mtoto wa hao, kwa mpangilio. Kwa hiyo hesabu ya huyo mzee imekaa sawasawa kabisa kisheria, hakuwa tapeli na hakujikatia tu, na ukweli kwamba familia inakumbuka "theluthi" na sio "sehemu" inanionyesha mirathi ile iligawiwa na mtu anaejua. Mjomba anasema basi ni ndugu wa baba. Inawezekana. Ila kuna njia nyingine mbili ambazo mtu wa nje anaweza kuchukua theluthi.

Ya kwanza ni wasia. Mtu anaruhusiwa kumuusia asiye mrithi mpaka theluthi ya mali yake, haizidi hapo. Kama bibi yule alikuwa na deni la fadhila kwa watu wa Bagamoyo angeweza kuusia. Ila hapo kungebaki bado sehemu ya kumtafutia asaba, manake mabinti wanachukua theluthi mbili za kilichobaki baada ya wasia, kwa hiyo waulizeni wazee kama kuna mtu mwingine tena alipewa chochote siku ile.

Ya pili ndo wengi hawapendi kuisikia na mimi nitaisema. Mtu alieachwa huru, akifa hana asaba wa damu, ile baki inakwenda kwa aliyemwacha huru, na kama naye kafa inakwenda kwa wanaume wa uzao wake. Ndo inaitwa walaa. Na haiishii kwa aliyeachwa huru peke yake, inashuka kwa watoto wake pia. Kwa hiyo kama baba yake bibi yule ndo aliyeachwa huru na watu wa Bagamoyo, hata kama bibi yule kazaliwa huru hajawahi kuwa mali ya mtu, bado mzee wa ile familia angeweza kuja Kariakoo na kudai theluthi yake mbele ya shehe, na shehe wa zamani angempa. Serikali ya Mwingereza ilifuta hadhi ya utumwa Tanganyika kwa sheria ya 1922, hilo ni la serikali, ila mirathi nyingi ziliendelea kugawiwa majumbani na mashehe kwa vitabu vyao vilevile.

Sasa chukua karatasi yenu, binti Mabruki. Mabruki lilikuwa jina la kawaida sana kwa watumwa na walioachwa huru wa pwani, kama Feruzi, Baraka, Faida, Zawadi. Mwarabu wa Bagamoyo mwenye mashamba kuitwa Mabruki ni nadra. Na fikiria kitu kimoja ambacho mjomba hajakifikiria: kama bibi yule angekuwa mtoto wa Mwarabu kwa suria, kwa sheria alikuwa mtoto huru na halali wa baba yake sawa na watoto wa mke, anabeba jina la baba, anarithi kwa baba. Angeandikisha kiwanja Kariakoo kwa jina la Mabruki kwa sababu gani, wakati jina la Mwarabu lilikuwa na heshima yake ofisini? Watu walikuwa wanapanda kwenda kwenye majina makubwa, hawakuwa wanashuka. Karatasi inayomshusha mtu ni ya kuaminiwa kuliko hadithi inayompandisha.

Mimi nikipima hivo vitu vyote naona Mabruki ndo baba, mtu alieachwa huru na familia ya Bagamoyo, na yule mzee alikuja kwa walaa. Mabruki anaweza pia kuwa mlezi, mume wa mama aliyemkuta mtoto tayari, hilo liko wazi bado. Lakini sasa hivi uzito uko hapo, na mwenye kudai Mjerumani au Mwarabu ndo anatakiwa alete kitu.

Utathibitisha vipi? Usiende kwa wazee kuuliza "baba yake alikuwa nani", hilo swali wameshaulizwa wakaamua jibu lao zamani. Uliza nani alimwozesha. Sisi Waislamu wa pwani wengi ni wa madhehebu ya Shafi, na walii, yaani mwanaume mwenye haki ya kumwozesha mwanamke, kwa Shafi ana foleni yake: baba, babu mzaa baba, kaka, mtoto wa kaka, baba mdogo, watoto wao, hao wakikosekana ni aliyemwacha huru au uzao wake wa kiume, na wote wakikosekana kabisa ni kadhi. Mtoto wa kiume hamwozeshi mama yake, kwa hiyo hata mwanamke akiolewa mara ya pili uzeeni na ana wanawe watu wazima, bado anatafutwa mtu wa upande wa baba yake. Hayo yanakumbukwa sana kuliko jina la baba, manake harusi ina watu. Mzee atakwambia "aah yule aliozeshwa na kadhi Bagamoyo" bila kujua kakupa nini. Kama walii alikuwa mtu anaeitwa fulani bin Mabruki umeshamaliza, huyo ni kaka, na sasa inabidi ujiulize kwa nini kaka huyo hakurithi, pengine alikufa mbele ya dada yake. Kama aliozeshwa na kadhi wakati ndugu wa Kiarabu walikuwa hai na karibu, hadithi ya mjomba inaanguka. Na kama walii alikuwa yule mzee wa theluthi au baba yake, mna kazi bado, manake ndugu na mwenye walaa wote wanaweza kusimama hapo, ila ndugu anatangulia.

Sasa mwanangu nina jambo na nyie wote, sio mjomba peke yake. Barua nzima mnagombania baba, mama wa huyo bibi hajatajwa hata mara moja. Mmejiuliza ni nani? Wazaramo, Wakwere, Wakutu, Waluguru, hawa ukoo wanaufuata kwa mama, na mtu aliyetolewa mwali Uzaramoni 1905 hakujitoa mwenyewe. Kuna wanawake walimweka ndani, walimfundisha, walimpeleka mkoleni, kwenye ule mti wa mkole wa unyago, waliimba. Waulize bibi waliobaki kama waliwahi kuona kwenye sanduku la marehemu mwana hiti, kile kisanamu kidogo cha mti chenye kishungi ambacho mwali anakaa nacho ndani anakipaka mafuta na kukivisha shanga, vile vilikuwa vinatunzwa na vinapita kwa wanawake wa familia, havinunuliwi tu dukani. Uliza kungwi wake alitoka kijiji gani. Uliza kwenye chakula alikuwa na mwiko gani, hakuli nyama ipi na wanawe hawali nyama ipi. Uliza msibani kwake watani waliokuja kuchukua vitu na kuleta vurugu walikuwa watu wa wapi. Ukipata kijiji cha mama, Kisarawe, Maneromango, Mkuranga, popote, utakuta huko watu wanaomjua Mabruki kwa sababu alikuja kuoa kwao, na mwanaume anaekuja kuoa kwa watu anakumbukwa na wenye nyumba.

Karatasi nazo zipo. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa iko Upanga, Mtaa wa Vijibweni, na mafaili ya Wajerumani yapo hapo, yameingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia 1997. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho, uliza ada kwanza, halafu usiombe "habari za bibi yangu", omba orodha ya mafaili ya viwanja vya Dar es Salaam na ya wilaya ya Bagamoyo na utoe namba. Ile karatasi yenu ya kiwanja igeuze uangalie kila pembe, namba ya kiwanja na bloku ndo ufunguo, ukiwa nayo hata kwa Msajili wa Hati unaweza kuulizia nani alimuuzia na nani alinunua alipokufa. Maboma ya Wajerumani yalikuwa yanatoa hati za uhuru, wao waliita Freibrief, yenye jina la aliyeachwa huru na jina la aliyekuwa bwana wake, na ikitokea mmempata Mabruki kwenye moja ya hizo basi jina la familia ya Bagamoyo litakuwa palepale kando yake.

Ukitafuta kwenye mafaili ya Kijerumani andika jina kama Mjerumani alivosikia. Juma ni Dschuma, Shabani ni Schabani, Mwana wanaandika Muana, Bagamoyo ni Bagamojo, Mwanza ni Muansa. Watu wanarudi mikono mitupu wanasema jina halipo kumbe lipo limevaa nguo nyingine. Na kama karatasi ya zamani imeandikwa kwa herufi za Kiarabu msiitupe mkidhani ni dua, hati nyingi za mwanzo za mji huu ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mpelekeeni shehe mtu mzima anaesoma maandishi ya mkono.

Na ile familia ya Bagamoyo, watafuteni. Nendeni watu wazima wawili watatu, mbebe sukari, mjieleze kwamba hamdai chochote, mnatafuta nasaba. Kuna familia za Kiarabu zilizokuwa zinaandika vizazi na vifo vya nyumba nzima nyuma ya msahafu au kwenye daftari, na watumwa waliozaliwa nyumbani pia. Ikitokea jina la Mabruki lipo humo, mwanangu, usione aibu na usikubali mtu aone aibu mbele yako. Huyo mtu au wazazi wake waliletwa pwani kwa mguu kutoka bara, wengine Manyema, wengine Nyasa, akaachwa huru, akaoa, akazaa mtoto wa kike ambae alimiliki nyumba yake mwenyewe Kariakoo chini ya mkoloni. Bibi yako alikuwa ananyamaza kwa sababu wakati wake neno hilo lilikuwa linaweza kuharibu ndoa ya mtoto. Sasa hivi haliharibu kitu, ila kunyamaza kumewafanya mgombane miaka yote hii juu ya Mjerumani.

SWALI

Habari Anti. Sisi ni Wakatoliki wa Kurasini. Nyanya wa baba yangu alilelewa na mapadre toka mtoto mdogo sana, zamani kabla ya vita ya kwanza, inasemekana alikombolewa utumwani. Tulienda parokiani tukaambiwa kitabu cha zamani kimeandikwa Kilatini na mstari wa wazazi wameandika "ignoti". Ndo mwisho wa safari?

JIBU

Sio mwisho. "Ignoti" maana yake wazazi hawajulikani, na kwa watoto waliokombolewa iliandikwa sana, mtoto wa miaka minne aliyeshushwa kutoka kwenye jahazi hakuwa na wa kumsemea. Ila ule ukurasa una vingine. Soma jina la msimamizi wa ubatizo, mara nyingi alikuwa mkristo mtu mzima wa misheni hiyohiyo na ndo anakuwa mzazi kwa maisha yote, kwa hiyo familia mnayojiita ndugu bila kujua mlikutana wapi inaweza kuwa yake. Soma pembeni pia, mapadre walikuwa wanarudi kuandika ndoa ya mtu kando ya ubatizo wake, alifunga lini, na nani, parokia gani, na kitabu cha ndoa cha huko kinaweza kuwa na kabila au mahali alipotoka ambapo kitabu cha ubatizo hakikusema. Msome na majirani, wale waliobatizwa siku moja nae. Watoto waliokuja pamoja walibatizwa pamoja, na mmoja akiwa ameandikwa kwao ni wapi mnapata pa kuanzia na wengine.

Jueni pia ni mapadre gani. Wabenediktini wa St. Ottilien walianza Pugu 1888, wakavamiwa Januari 1889 kwenye vita ya Abushiri, baadae wakaweka makao Dar, na Mtakatifu Yosefu pale mbele ya bandari ni jengo lao, lilimalizika 1902. Kumbukumbu zao nyingine ziko kwenye monasteri yao Bavaria na wanajibu barua. Bagamoyo walikuwa Mapadre wa Roho Mtakatifu toka 1868, wao walikuwa na kijiji kizima cha watoto waliokombolewa, na kumbukumbu zao ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Kwa wasomaji Waanglikana, makaratasi ya misheni ya UMCA yako maktaba ya Bodleian, Oxford. Andikeni kwa adabu, swali moja, jina, mwaka, mahali. Barua ya kurasa tano inawekwa pembeni.

SWALI

Anti, mimi naona mambo ya wazee yanachosha, kwa nini tusiende kwa Mkemia Mkuu tukapima vinasaba tukamaliza? Baba wa mama yake bibi atajulikana. Ni mimi, Tabata.

JIBU

Hatojulikana kwa njia hiyo mdogo wangu, na pesa yako nakuonea huruma. Kwa Mkemia Mkuu pale Barabara ya Barack Obama wanapima mtoto na mzazi walio hai, na kwa sheria ya vinasaba ya binadamu ya 2009 huendi tu mwenyewe ukapanga foleni, inatakiwa ombi lipitie kwa wanaoruhusiwa, kama mahakama, wakili, ustawi wa jamii. Mtu aliyekufa miaka ya thelathini hana wa kulinganishwa nae.

Halafu kuna tatizo la mwanamke. Alama ya Y inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu, mwanamke hana, kwa hiyo ya baba yake haikupita kwake. Ile nyingine ya upande wa mama inapita kwa watoto wote lakini wanaoipeleka mbele ni mabinti, hiyo mnayo, ila inakuonyesha mama wa mama wa mama, baba hayumo. Kinachobaki ni mchanganyiko wa jumla unaopungua nusu kila kizazi. Baba wa mama yake bibi yako kwako wewe amebaki kama asilimia 6 tu, kwa mama yako au mjomba kama asilimia 12. Kwa hiyo kama mtapima kweli, mpimeni mkubwa kuliko wote aliye hai, sio kijana mwenye hela.

Kitu kimoja kipimo cha namna hiyo kinaweza kuwasaidia kama wale wa Mbagala: kufuta Mjerumani. Damu ya Ulaya ya asilimia 12 haijifichi, na makampuni ya nje yanayopima asili ya mtu kwa mate yamejaa watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo ikiwepo itaonekana na isipoonekana kwa mjomba basi ule ugomvi umepungua mtu mmoja. Kumtenganisha Mmanyema na Mzaramo na Mnyasa hawawezi vizuri, sampuli zao za huku kwetu ni chache, ramani wanayokupa ya kabila usiitundike ukutani. Na kabla hujatuma mate yako nje ya nchi, uliza kwanza hapohapo kwa Mkemia Mkuu sheria inaruhusu nini.

SWALI

Anti shikamoo, swali fupi. Kwetu inasemwa bibi mkuu aliolewa kwa mahari ya "rupia ishirini na tano na pesa thelathini na mbili". Inaweza kutuambia aliolewa mwaka gani? Wa Kigamboni.

JIBU

Marahaba. Inaambia kidogo na sio haba. Rupia peke yake haibani sana, ilitumika pwani kabla ya Wajerumani, ikatumika wakati wao, na Mwingereza nae akaiendeleza mpaka shilingi ilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kinachobana ni hizo pesa. Rupia moja ilikuwa pesa 64, kwa hiyo 32 ni nusu rupia kamili, hesabu imekaa vizuri na inaonekana imehifadhiwa ilivyo, mtu wa kubuni asingejua kuweka nusu. Mwaka 1904 Wajerumani wakabadilisha, rupia ikawa heller 100. Kwa hiyo mahari yenu ilitajwa kwa hesabu ya zamani, iwekeni kabla ya 1904 au miaka michache baada yake kwa wazee waliogoma kubadilika. Mngekuwa mmeambiwa heller ningesema kati ya 1904 na vita kwisha. Sasa toeni hapo umri wa kuolewa wa wakati ule mtapata mwaka wa kuzaliwa, muuandike na penseli mpaka mpate kitu cha pili cha kuukubali.